Shemeji aliyemsomesha mume wangu anawafokea wahudumu hotelini. Nimwambieje?

BARUA

Mama Mshauri, pokea salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto watatu. Mume wangu ana duka la vifaa vya umeme hapa mjini. Hatujambo, tunasikizana. Linalonisumbua linamhusu shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na ninakuomba unisome hadi mwisho kabla hujaniona mtovu wa shukrani.

Huyu shemeji ndiye aliyemlea mume wangu. Baba yao alifariki mume wangu akiwa kidato cha kwanza. Kaka yake alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa Nairobi, na mzigo wote ukamwangukia: karo, sare, nauli, hadi chuo. Katika ng'ombe wa mahari yangu, wawili walitoka kwake. Kifungua mimba wetu alipolazwa kwa nimonia, bili ya hospitali aliilipa kabla hata hatujamwomba. Watoto wanamwita Baba Mkubwa na wanampenda sana. Hata mimi nampenda. Akija kwangu hana neno baya. Akila anashukuru, na akiondoka lazima amwachie msichana wa kazi pesa ya soda.

Sasa mwone hotelini. Kila akija Kisumu hutuchukua Jumapili baada ya kanisa, tukale samaki katika hoteli moja kando ya ziwa. Hajaketi vizuri, vidole vinalia: "Wewe! Kuja hapa!" Hasalimii, haulizi jina. Mara ya mwisho msichana alikuja na birika la maji moto na beseni tunawe, akamkuta kwenye simu. Shemeji akamwinulia kidole asubiri. Msichana akasubiri, ameinama, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto na kipande cha sabuni kikiteleza ndani. Meza nyingine zinamwita, naye hawezi kuondoka kwa sababu mzee hajanawa. Niliuona mkono wenye birika ukianza kutetemeka. Shemeji akamaliza mazungumzo yake, akanawa, akakung'uta vidole, maji yakamrukia msichana usoni. Msichana akasema, "Pole, baba." Yeye ndiye aliyesema pole.

Kisha chakula. Samaki huchagua mwenyewe, ngege (tilapia) mkubwa, akaangwe halafu atiwe mchuzi wa nyanya. Dakika kumi tu zikipita anaanza kuuliza kwa sauti kama wameenda kumvua sasa hivi. Siku hiyo samaki alipokuja, shemeji alikula upande mmoja wote hadi uti wa mgongo ukaonekana, ndipo akamwita meneja akadai samaki si wa leo na hatamlipia. Sisi wengine tuliokula samaki wa sinia hilohilo hatukuonja ubaya wowote. Meneja anajua kwamba shemeji ni rafiki wa mwenye hoteli, kwa hiyo aliomba radhi, akamgeukia msichana akamfokea mbele ya watoto wangu.

Tulipofika kwenye gari nilisema nimesahau kitambaa cha mtoto, nikarudi. Nilimpata yule msichana karibu na mabomba ya kunawia, nikampa shilingi 300. Nilipomuuliza akaniambia samaki yule ni shilingi 1,200, na atakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake ya shilingi 500 kwa siku. Hakulia wala hakulalamika.

Ningeweza kuendelea kuvumilia, ila mambo mawili yametokea. Mwanangu wa miaka tisa alimpigia vidole msichana wetu wa kazi: "Wewe, kuja hapa, leta maji!" Nilimkanya vikali. Akaniuliza, "Mbona Baba Mkubwa anaita hivyo na hamumwambii kitu?" Nilikosa la kumjibu.

La pili ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 22. Alimaliza kozi ya huduma za hoteli mwaka huu, na tangu Septemba ameajiriwa katika hoteli hiyohiyo. Shemeji hamjui. Siku ya harusi yetu alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Na tarehe 27 Desemba familia nzima, watu zaidi ya 20, tunakutana hapo kumshukuru Mungu kwa miaka 75 ya mama mkwe. Shemeji ndiye anayegharamia na ndiye aliyechagua mahali.

Mume wangu nimezungumza naye. Anasema, "Huyo ni baba yangu. Siwezi kumfundisha adabu mtu aliyenifundisha kuishi. Vumilia, kwani anakuja kila siku?"

Nimewaza nimwambie mdogo wangu aombe ruhusa siku hiyo. Nimewaza nimweleze shemeji mapema kuwa mmoja wa wahudumu ni shemeji yake. Hapo najua atamheshimu sana, pengine atampa hata elfu moja, na hilo ndilo linalonichoma: hao wengine si dada za watu? Nimewaza hata kujifanya mgonjwa nisiende. Nifanye nini, Mama?

Mke wa Mdogo Mtu, Kisumu

JIBU

Mwanangu, asante kwa kuniamini, na sikuoni mtovu wa shukrani hata kidogo. Shukrani imejaa katika barua yako kuanzia karo hadi bili ya hospitali. Nadhani hiyo ndiyo inayokuchosha. Kumchukia mtu mbaya ni rahisi. Kuona kosa la mtu aliyewabeba ni kazi nzito, kwa sababu kila unapofungua mdomo unajiona unafuta mema yake.

Nikikuelewa sawasawa, hutaki kumwaibisha shemeji yako, na hutaki pia kuketi tena kwenye meza ile ukitazama chini huku mtu akidhalilishwa kwa sababu tu amevaa aproni. Katikati yako na meza hiyo kuna mume aliyekataa kusema, mtoto aliyeuliza swali la haki, na mdogo wako ambaye huenda siku hiyo akawa ndiye ameshika birika.

Kabla hatujafika Desemba, niruhusu nikuulize kuhusu huyu mtu unayesema yuko hivi nyumbani na vile hotelini. Nyumbani kwako anamkumbuka msichana wa kazi. Basi si kwamba haoni watu wa chini. Anawaona. Kuna kitu kinachomgeuza akishaketi mahali anapolipa, na hatukijui. Labda ni hofu ya kupunjwa. Wewe ni mtu wa Kisumu, unajua soko la samaki lilivyobadilika. Ngege wa ziwani wamepungua, wengi tunaokula siku hizi ni wa kufugwa kwenye vizimba, na wengine waliwahi kuletwa wamegandishwa kutoka Uchina. Bei inakadiriwa kwa macho, huyu mkubwa, huyu wa kati. Mtu aliyekua akila samaki wa asubuhi kwa mama yake anaweza kuingia hotelini akiwa ameshakasirika. Au labda ni uzito wa kuwa mwenyeji: ameleta watu wanane, ugali ukifika umepoa anaona ni yeye aliyeaibika. Au alizoea mahali ambapo asiyepaza sauti hahudumiwi. Sisemi hayo ili kumtetea. Maji yaliyomrukia yule msichana usoni hayana utetezi. Nasema kwa sababu ukimwendea na neno "dharau" wakati kinachomsumbua ni kitu kingine, atakataa kwa moyo mweupe kabisa, na mazungumzo yatafia hapo.

Tena tuwe waangalifu tusichanganye kulalamika na kudhalilisha. Mteja ana haki zake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na chakula kibovu mezani hakina heshima kwa mtu yeyote. Kama samaki si wa leo, shemeji ana haki ya kusema. Ila kulalamika nako kuna utaratibu wake. Unapochagua samaki akiwa mbichi, unamtazama macho kama yanang'aa na matamvua kama bado ni mekundu. Akishapikwa, tonge la kwanza au la pili litakuambia. Hapo unamwita mhudumu kwa sauti ya kawaida, unamwonyesha, unawapa jikoni nafasi ya kurekebisha. Aliyekula hadi uti wa mgongo ameshakubali chakula. Na ile subira ya dakika kumi haitoshi kwa samaki mzima. Lazima aparwe magamba, akatwe mikato ubavuni, akaangwe hadi ndani kabisa, ndipo aingie kwenye mchuzi. Meza ya watu wanane Jumapili mchana ikingoja nusu saa na zaidi, jikoni hawajalala. Mhudumu hana jiko mfukoni, na mara nyingi anafokewa kwa kosa la mpishi, au la mwenye hoteli aliyeajiri watu wachache mno.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo naona unalo mkononi na pengine hujalipima. Wewe ulirudi. Ulisikia kuhusu shilingi 1,200 kwa mtu anayelipwa 500. Je, shemeji anajua? Kwa akili yake, hasara ya samaki imemwendea rafiki yake mwenye hoteli, mtu mwenye uwezo. Huenda hajawahi kuwaza kwamba samaki yule alilipiwa na msichana aliyesema "pole, baba". Kumfikishia hilo hakuhitaji neno lolote la kumhukumu. Ni habari, na mtu anayekumbuka pesa ya soda ya msichana wa kazi anaweza kuguswa na habari kuliko anavyoweza kuguswa na karipio.

Hata hivyo ina hatari yake, na si ndogo. Shemeji mwenye huruma ya ghafla anaweza kumpigia mwenye hoteli simu pale pale, na siku ya pili meneja akaanza kutafuta ni nani aliyepeleka maneno nje. Kibarua wa kulipwa kwa siku hana pa kujishikia. Kwa hiyo, ukiamua kusema, zungumza kuhusu wahudumu kwa jumla, usimtaje yule msichana wala siku ile. Na nikwambie pembeni, kwa sababu limenikera: kosa la makato hayo si la shemeji peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea pale mfanyakazi alipofanya hivyo makusudi. Sioni vipi samaki aliyerudishwa na mteja anaingia hapo. Mdogo wako alijue hilo, na ajue kuna ofisi ya leba, na kuna chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA. Simwambii akashitaki mwezi wake wa tatu kazini. Namtaka tu ajue sheria inasema nini, hata kama kwa sasa atanyamaza.

Sasa, nani aseme? Mume wako amekuambia, "Huyo ni baba yangu," na mimi naliheshimu neno hilo. Mtoto hamkosoi baba yake mbele ya watu. Lakini alichokataa ni kumfundisha kaka yake adabu. Je, ukimwomba jambo dogo zaidi? Kwa mfano, amwambie kaka yake, wakiwa wawili kwenye gari au wakinyosha miguu jioni: "Kaka, siku ya mama tuwaachie hoteli kila kitu mapema, tusije tukahangaika na wahudumu, mama asikie amani." Hapo hamkosoi mtu, anaipanga siku. Inawezekana akakataa hata hilo. Ukimsukuma sana, mgogoro utahama kwa shemeji uingie chumbani kwenu, na sidhani kama unautaka huko.

Kuna mama mkwe. Siku ni yake, na katika nyumba nyingi za upande wenu neno la mama kwa mwana wake wa kwanza lina uzito ambao nyinyi wengine hamna. Mama wa miaka 75 anaweza kusema mezani, "Leo nataka watoto hawa wanaotuhudumia washibe maneno mazuri," na hakuna atakayeuliza ametumwa na nani. Wazee wetu walituambia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mama wa umri huo ana haki ya kulisema bila kumwangalia mtu. Ila jiulize jinsi utakavyomfikia. Ukimpelekea mashtaka kuhusu mwanawe, shemeji akija kujua ataona ulimzunguka, na kidonda hicho hukaa. Ukimwambia tu kwamba mdogo wako anafanya kazi pale na unamwombea siku njema, labda mama atajaza mwenyewe yaliyobaki. Kina mama huwajua wana wao.

Wewe mwenyewe? Ninajua kwamba kati ya mke na kaka mkubwa wa mume kuna mpaka wa heshima, na wewe umeulinda miaka yote hii. Kuuvuka ni jambo zito, na pengine kwenu halifai kabisa. Wewe ndiwe unayejua. Kama linawezekana, lisifanyike mezani, wala mbele ya watoto, wala siku ileile hasira au aibu ikiwa bado mbichi. Na mlango mzuri kuliko yote umeufungua mwanao. Unaweza kumwendea shemeji hivi: "Shemeji, mtoto aliniuliza swali nikashindwa kumjibu. Alimwita msichana wetu kwa kumpigia vidole, nikamkanya, akasema amejifunza kwako hotelini. Nikaona nikuletee wewe mwenyewe, kwa sababu wewe anakusikiliza kuliko mimi." Hapo unamrudishia nafasi yake ya mlezi. Kwa mtu aliyelea ndugu zake, si rahisi aipuuze nafasi hiyo. Anaweza pia kucheka, au kununa, au kukuambia mtoto amekosa adabu kusema mambo ya wakubwa. Jiandae kwa hayo matatu kabla ya kufungua mdomo, na mume wako ajue unakwenda kusema. Asije akasikia kwa kaka yake.

Kuhusu mtoto, huhitaji kumngoja mtu. Alikuuliza swali na bado anangoja jibu. Unaweza kumwambia kwamba Baba Mkubwa ni mtu mwema anayewapenda, na kwamba kumwita mtu kwa vidole si vizuri hata akifanya mtu mwema. Miaka tisa anaweza kuyashika yote mawili. Mjue tu kwamba watoto hawana siri, na neno hilo linaweza kumfikia mwenyewe kabla yako, kwa hiyo liseme kwa namna ambayo hutaona haya likirudiwa. Halafu mpe mazoezi. Hata mkienda kunywa chai na mandazi kibandani, awe yeye wa kusalimia kwanza, kuuliza jina, kusema "naomba" na "asante", kuketi wakati watu wanapita na supu ya moto. Yule msichana wa kazi naye alikosewa, na mwanao anaweza kumwomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Kuna pia njia ya kuiandaa siku yenyewe, na hii naipenda kwa sababu haimgusi mtu. Vita vingi vya hotelini vinatokana na mambo ambayo yangepangwa mapema. Jitolee kwa shemeji: "Wewe unalipa, acha mimi nishughulike na hoteli." Uende siku kadhaa kabla, mkubaliane samaki wangapi, wa ukubwa gani, kwa bei gani, nani anakula kuku, mboga za kienyeji kiasi gani, chakula kiwe mezani saa ngapi. Omba meza yenu ipewe wahudumu wawili au watatu, maana watu 20 kwa mhudumu mmoja ni kumtesa. Watu wanawe kwenye mabomba kabla ya kuketi, na mama peke yake ndiye apelekewe birika. Bili iende kwa mtu mmoja, aipitie kwa utulivu. Kama kuna soda iliyozidi, aulizie pale kaunta. Mkilipa kwa M-Pesa, subirini hadi mhudumu athibitishe kwamba pesa imeingia, kwa sababu kuna hoteli ambazo pesa ikikosekana jioni hudaiwa kwake. Na kama kwenye risiti mtaona tozo ya utalii ya asilimia 2, msidhani hiyo ndiyo bakshishi. Hiyo inakwenda kwenye Mfuko wa Utalii, aliyewahudumia haigusi. Mkitaka kumshukuru mtu, mpeni mkononi.

Shemeji akishakuta kila kitu kimepangwa, atakuwa na sababu chache za kupiga vidole. Sikuahidi atanyamaza. Na ni kweli kwamba njia hii inaituliza siku moja bila kugusa tabia yenyewe. Mwezi wa pili akirudi Jumapili, utakuwa palepale. Huenda hilo linatosha kwa sasa, huenda halitoshi. Wewe pima.

Kujifanya mgonjwa nakuelewa, lakini fikiria mama mkwe atakavyotazama kiti chako, na fikiria kwamba mdogo wako bado atakuwa kazini, bila dada yake pale.

Nimemwacha yeye mwisho kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza anataka nini. Umempangia aombe ruhusa, umempangia atambulishwe. Ana miaka 22, amesomea kazi hii, na kumhudumia mteja mwenye hasira ni sehemu ya yale aliyofundishwa. Pengine ameshakutana na wakali kuliko shemeji. Pengine atataka kuwa mbali siku hiyo, lakini kuomba ruhusa tarehe 27 Desemba, hoteli ikiwa imejaa wageni wa Krismasi, kunaweza kumgharimu mtu mpya. Pengine hataki ijulikane ni ndugu yenu, asionekane na wenzake kwamba anapendelewa. Au anaweza kutaka kinyume chake, aje mezani ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo, shemeji, mimi ni mdogo wake fulani."

Hili la kutambulishwa linakuchoma, na hoja yako ni ya haki kabisa: heshima isitolewe kwa undugu tu. Lakini usilifunge haraka. Kuna watu wanaoanza kumwona mhudumu kuwa mtu pale wanapomjua mmoja kwa jina. Shemeji akishajua kwamba aliyeshika birika anaweza kuwa mtoto wa nyumba aliyoitolea ng'ombe, huenda hata msichana wa meza ya pili akapata nafuu. Au ikawa kama unavyohofia, mdogo wako apewe elfu moja na mwenzake afokewe. Siwezi kukuahidi itakwenda upande gani.

Mpigie simu wiki hii, tafadhali. Zamu za Krismasi hupangwa mapema, na kama atataka kubadilishana siku na mwenzake anahitaji muda wa kupanga. Mweleze yote, pamoja na habari ya yule mwenzake aliyekatwa, umsikilize bila kumkatiza. Kisha mkae na mume wako, ukiwa na neno la mdogo wako mkononi, muangalie ni lipi kati ya haya mnaliweza. Ukipenda, niandikie tena. Ningependa kujua alichokujibu.